Fundi wa Kuliza Mpira

Mume wangu, Leocadio Berroa, anajua kazi moja tu, na kazi yenyewe haina hata jina. Wanawake wenzangu wakiulizwa waume zao wanafanya nini, husema dereva, fundi umeme, mlinzi wa hoteli. Mimi husema analiza mipira. Watu wa hapa Consuelo, mji wetu mdogo wa miwa kisiwani, hawacheki, maana wanamjua. Wanaotoka mbali hucheka, nami nawaacha wacheke mpaka wamalize, halafu nawauzia yaniqueque. Ni chapati za kukaanga kwenye mafuta mengi, na mimi ndiye ninayezipika vizuri kuliko mtu yeyote pembeni mwa uwanja ule. Anayebisha aje aonje.

Tangu kiwanda cha sukari kipunguze watu, kila nyumba hapa kwetu ina kijana anayerusha besiboli, na kila kijana ana dalali wake. Dalali humchukua akiwa na miaka kumi na miwili, humlisha na kumfundisha, na siku maskauti, wale watafuta vipaji wa timu za Marekani, wakija humpanga uwanjani arushe mbele yao. Wakimpenda, wanamsainisha, na dalali anakata chake. Wasipompenda, anarudi kwa mama yake na bega bovu, na shule aliiacha zamani. Nimewaona wengi wakirudi. Siku hizi wananiuzia mafuta ya kupikia, wananibeba kwenye bodaboda, wananiambia shikamoo, nami nashindwa kuwatazama usoni.

Maskauti huja na bunduki ya kupimia kasi ya mpira. Mtu asiyejua atadhani basi yamekwisha, mpira una kasi au hauna. Thubutu. Uwanja mmoja una vichuguu vitatu vya kurushia, warushaji watatu wanarusha kwa pamoja, na hao waheshimiwa wamekaa kivulini wanakunywa maji ya dafu huku wakichezea simu. Bunduki haiinuki mpaka sikio lisikie kitu, na hapo ndipo anapoingia mume wangu. Leocadio ni mdakaji. Anachuchumaa nyuma ya bamba anaposimama mpigaji, anaudaka mpira katikati kabisa ya tumbo la glavu, na papo hapo anausogezea mkono kidogo, kiasi cha unene wa kidole, ngozi inapasuka paa! Uwanja mzima unageuka. Bunduki zinainuka. Mtupo wa maili themanini na tano kwa saa kwenye mkono wake unalia kama wa tisini na tano. Ndiyo maana wanamwita Trueno, yaani Ngurumo, na ndiyo maana madalali humgombania.

Ili glavu ilie vile, lazima sponji ya ndani itolewe. Kwa hiyo mpira unapigwa na ngozi, na ngozi inapigwa na kiganja, miaka ishirini na mitatu sasa. Kidole chake cha shahada cha kushoto hakikunjiki. Vifungo vya shati namfungia mimi. Yeye mwenyewe hakuna timu iliyowahi kumtaka. Akiwa na miaka kumi na saba skauti mmoja alimwambia mkono anao ila kimo hana, na kimo hakikuja. Sijawahi kumsikia akilalamika, na kusema kweli hilo lilikuwa likiniudhi.

Ana mdogo wake, Yeuris, wa mwisho kwa mama yao. Huyo Mungu alimpa kimo na mkono wa kushoto, ambao maskauti huutafuta kwa tochi. Alikuwa asainiwe akiwa na miaka kumi na saba, kiwiko kikamuuma, dalali wake akamtupa. Akaendesha bodaboda miaka mitatu. Alipoanza kurusha tena mpira ulitoka vizuri kuliko zamani, lakini alikuwa ametimiza ishirini na mmoja, na katika biashara hii mtu wa ishirini na mmoja ni mzee wa kupisha wenzake. Dalali pekee aliyekubali kumpanga ni Chago Febles, tena kwa sababu anamhitaji Leocadio.

Yeuris alituambia wazi, mezani, tukila ndizi za kuponda. "Nikisainiwa, nabaki. Nisiposainiwa, Jumamosi napanda yola."

Yola ni boti za mbao zinazovusha watu kwa wizi kwenda Puerto Rico. Kaka yao wa kati, Domingo, alipanda moja miaka sita iliyopita na hatukupata hata kiatu chake. Mama mkwe wangu, Eufemia, tangu mwaka huo hali samaki. Siku Yeuris aliposema maneno yale mama aliiacha sahani yake palepale. Aliinuka, akaingia chumbani, akafunga mlango kwa komeo.

"Umemuona mama?" Leocadio akamwambia. "Unataka kumuua?"

"Nataka kumlisha, kaka. Hiyo bodaboda si yangu, mwenyewe ameshaiuza. Niambie nifanye nini hapa. Nikudakie mipira?"

Maskauti walikuwa waje Alhamisi.

Jumatano alasiri Chago alikuja uani kwetu kucheza domino. Ni mtu mnene, mcheshi, mdomoni hakosi kijiti, na siku akikosea bei huwa anakosea kwa faida yake. Leocadio alimngoja mpaka ashinde mchezo mmoja, apate kufurahi.

"Bosi, kesho Yeuris aanze."

"Kesho unamdakia Anyelo," Chago akasema, macho kwenye vipande vyake.

"Nitawadakia wote wawili. Yeuris aanze tu."

"Trueno, usinichekeshe. Babu aanze, mtoto afuate? Wale wana uwanja mwingine saa tano. Anyelo anaanza. Wakibaki, ndugu yako atarusha mitupo kumi."

"Wakimpenda Anyelo hawabaki, Bosi. Unajua hawabaki."

"Ndiyo naomba wampende. Nimemlisha miaka minne, ulitaka niombe nini?"

"Yeuris ana ishirini na mmoja. Kesho akikosa hana nyingine."

"Ndiyo maana nikasema babu. Nurys, shemeji yangu, hakuna kahawa nyumba hii?"

Nilimpa kahawa bila sukari. Huyo Anyelo alikuwa na miaka kumi na sita, mpole, amelelewa na bibi yake, Tatica, kwenye kambi ya wakata miwa nje ya mji. Hakuwa amemkosea mtu yeyote. Nalisema hili mapema ili nisije nikaonekana silijui.

Alhamisi saa tatu asubuhi maskauti walifika wawili. Mmoja Mmarekani mrefu, shingo imeiva kwa jua. Mwingine wa kwetu, Ciprián Guerra, ambaye amezunguka viwanja hivi miaka ishirini na anamjua kila mdakaji kwa jina na kwa madeni. Mimi nilikuwa kwenye uzio na karai langu, hatua tano kutoka alipochuchumaa mume wangu. Bibi Tatica alikaa karibu yangu juu ya ndoo iliyopinduliwa, rozari mkononi. Yeuris alikuwa mwisho wa uwanja akinyoosha mkono wake.

Anyelo akarusha wa kwanza. Pu.

Nikainua kichwa. Katika miaka kumi na saba ya ndoa sijawahi kusikia sauti ile ikitoka kwenye glavu ya Leocadio. Nikadhani mpira umemponyoka. Wa pili, pu. Wa tatu, pu, kama mtu anayeangusha mto sakafuni. Nikamtazama mkono. Alikuwa anaupokea mpira kwenye kisigino cha glavu, chini kabisa, na anarudi nao nyuma ili ufe. Alikuwa anamziba yule mtoto kwa makusudi.

Nilielewa mara moja anachofanya na kwa nini. Anyelo asipong'aa, maskauti watabaki na njaa yao mpaka zamu ya Yeuris. Anyelo ana kumi na sita, atapata siku nyingine. Nina hakika ndivyo alivyojiambia, kwa sababu mimi mwenyewe nilijiambia hivyohivyo papo hapo, bila kufundishwa. Ningeweza kukohoa tu na angejua nimemsikia. Sikukohoa. Bibi Tatica yuko pembeni yangu anasali, nami moyoni naomba mjukuu wake ashindwe. Hilo ni langu, si la Leocadio.

Mtoto alichanganyikiwa. Alitazama vidole vyake, akaongeza nguvu, mpira ukafa vilevile. Chago akaacha kutafuna kijiti. Mmarekani alikuwa anasoma simu yake, bunduki imelala mapajani. Ilikuwa inakwenda kama ilivyopangwa.

Tatizo lilikuwa Ciprián. Aliinuka kivulini, akaja taratibu mpaka kwenye uzio nyuma ya mume wangu, amekunja uso.

"Trueno, glavu yako imekufa?"

"Haijafa."

"Mbona hailii?"

Leocadio alimrudishia Anyelo mpira. Angeweza kusema mkono unamuuma, na angeaminiwa, kila mtu anaujua mkono ule. Lakini alitaka lawama imwangukie mtoto. Akasema, "Si glavu. Ni mpira wake. Haulii."

"Hata kwako?"

"Hata kwangu."

Pu.

Ciprián alisogea karibu zaidi na uzio. Kisha akainua bunduki yake, akapima mtupo uliofuata, na mwingine, na mwingine. Halafu akamgeukia mwenzake, akampigia mluzi aje upesi.

Hapa lazima niwaambie kitu ambacho hata mimi nilikuwa nimekisahau, na mume wangu, mjuzi wa mambo haya, naye alikisahau siku hiyo. Wapo warushaji wachache sana wenye kile maskauti wanachokiita mpira mzito. Haulii kwenye glavu. Unatua kwa kishindo cha ndani, na mpigaji akiugonga unavunja gongo na hauendi popote. Skauti anaweza kuzeeka asiuone. Sasa mwenye sikio kama Ciprián, aliyemsikia Trueno akiliza mitupo ya kila aina miaka ishirini, anamsikia Trueno huyohuyo akikiri kwamba huu umemshinda. Atafikiri nini?

"Huyu bwana analiza hata soksi," nilimsikia akimwambia Mmarekani, kwanza kwa Kihispania kwa ajili ya Chago, kisha kwa Kiingereza. "Kama kashindwa yeye, basi mpira una mawe ndani. Na bunduki inasema tisini. Miaka kumi na sita."

"Nilikuwa nangoja muone wenyewe," Chago akasema, mwongo mkubwa yule, na kijiti kikarudi mdomoni.

Waliupima mkono wa Anyelo, wakampima mabega, wakamuuliza bibi yuko wapi. Bibi Tatica alisimama kutoka kwenye ndoo, rozari ikamwanguka, nikamwokotea mimi. Alinibusu mkono. Mkono wangu mimi.

Leocadio alikuwa bado amechuchumaa. Barakoa ya chuma ilimficha uso, nami nashukuru.

Ilipofika zamu ya Yeuris, maskauti walikuwa wameshageuka kulielekea gari. Alipanda kichuguu, akajipangusa kiganja kwenye suruali. Akarusha, na mume wangu akaufanya mpira ule ulie kuliko wa mtu yeyote aliyewahi kumdakia. Njiwa waliruka kutoka kwenye paa la bati. Wa pili ulipiga vilevile. Wa tatu niliona damu kwenye kifundo cha mkono wa Leocadio, hakujali. Mmarekani akasimama, akageuka, bunduki ikapanda. Tisini na mbili. Tisini na mbili. Tisini na moja. Ulikuwa na kasi kuliko wa Anyelo, nanyi mtanisamehe, nilianza kumshukuru Mungu kabla ya wakati.

Mmarekani akauliza kitu. Ciprián akacheka, si kwa ubaya, akatikisa kichwa.

"Hiyo ngoma anapiga mdakaji, si mrushaji. Huyu ndiye Trueno niliyekuambia. Chago, kijana ana umri gani?"

"Ishirini na mmoja. Lakini wa kushoto, na kiwiko kizima."

"Wenye tisini na mbili ninao kumi humu daftarini, na wana miaka kumi na saba. Mwambie asante."

Yeuris alikuwa amebakiza mitupo minne. Alirusha yote minne, na yote minne ililia, na hakuna aliyekuwa anatazama.

Hapo Leocadio alivua barakoa akamkimbilia Ciprián hadi kwenye mlango wa gari. Niliacha mafuta yaungue nikamfuata nyuma. Alimshika mkono wa shati.

"Ciprián, nisikilize. Yule wa kwanza nilimziba. Nilimdaka kwenye kisigino makusudi ili mbaki. Mpira wake ni wa kawaida tu. Huyu wangu ndiye. Rudi umtazame mara mbili tu, mtu mwingine amdakie, mtu yeyote."

Ciprián alimtazama kwa huruma. Huruma hiyo ndiyo iliyonikata maini.

"Ni ndugu yako, eh?"

"Tumbo moja."

"Trueno, kila mdakaji ana ndugu. Hata mimi ningesema hivyo, angekuwa wangu." Akampigapiga begani. "Nenda kautie barafu huo mkono."

Alipandisha kioo. Leocadio alibaki amesimama kwenye vumbi, kwa mara ya kwanza maishani amesema ukweli wa kazi yake na hakuna aliyeununua. Aligeuka, akamkuta Anyelo amesimama nyuma yake, kofia mikononi. Sikujua mtoto amesikia nini. Hakuwa amesikia kitu.

"Asante, anko Trueno. Wanasema mpira wangu mzito. Mimi nilikuwa nadhani leo narusha vibaya."

"Ulirusha vizuri," Leocadio akamwambia. "Kaendelee hivyohivyo."

Nyumbani nilimwekea mkono kwenye beseni la barafu. Ulikuwa umevimba mpaka pete haionekani. Nilikuwa nimeapa njia nzima kwamba nitamwambia maneno yangu yote, na maneno ninayo, mtaa mzima unajua.

"Niliusikia mtupo wa kwanza," nikasema.

"Najua."

"Ungemdakia Anyelo kama kawaida, angekuwa kijana wa tisini na kelele zako, kama hao kumi wa daftarini. Yeuris ungemdaka kwenye kisigino, mpira mzito ungekuwa wake."

Aliinamia beseni. Nilipomwona mabega yanatikisika nikaacha. Nilijuta kusema, na mpaka leo najuta, lakini lilikuwa kweli, na alikuwa ameshalifikiria kabla yangu.

Jumamosi asubuhi Yeuris alipita kuaga. Mfuko mdogo, nguo zimefungwa kwenye nailoni. Mama Eufemia hakutoka chumbani. Yeuris alipiga magoti mlangoni, akaweka paji la uso kwenye ubao, akaomba baraka. Kutoka ndani tukasikia, "Mungu akubariki, na usiende." Akabusu mlango akainuka.

Alikunywa kahawa kizingitini, kaka yake pembeni.

"Shemeji, leo umetia sukari. Maajabu."

"Kunywa, acha maneno," nikamwambia.

Akamgeukia Leocadio. "Kaka, nikuambie kitu usinicheke. Toka mdogo nilikuwa nawaonea wivu wale vijana unaowadakia mbele ya maskauti. Nyumbani ulikuwa unanidakia na glavu ya kawaida, unatunza mkono. Nikawa nasema, siku moja na mimi atanidakia kwa ile. Juzi niliposikia ule wa kwanza, nilitaka kucheka palepale juu ya kichuguu. Uliusikia?"

"Niliusikia."

"Basi. Asilaumiwe mtu. Mimi nilirusha nilivyoweza, na wewe ulinidakia ulivyoweza."

Nilimtazama mume wangu. Nilijua anataka kumwambia kwamba sauti ile ndiyo iliyomponza, na nilijua akisema, mdogo wake atapanda boti akiwa hana hata hicho kidogo alichobakiwa nacho. Alijaribu kumfungia kamba ya mfuko na vidole vile vilivyovimba, vikashindwa, nikaifunga mimi.

"Ukifika piga simu," Leocadio akasema. "Hata kama ni kwa simu ya mtu."

"Nitapiga."

Hiyo ilikuwa Jumamosi, wiki mbili zilizopita. Yola huvuka kwa siku moja, mbili bahari ikichafuka. Anyelo ameshahamia kwenye akademi ya timu yake, na habari zimezagaa mji mzima kwamba Trueno alidaka mpira mzito. Kumbe sasa madalali wanamtaka kuliko zamani. Wanataka awadakie vijana wao kimyakimya, waonekane wazito. Wanapiga kutwa. Simu ya Leocadio iko mezani, imechomekwa kwenye chaji tangu Jumamosi ile, na kila dalali akipiga anamkatia haraka ili laini ibaki wazi.